Alikuwa Ameandika: Kitenzi na Tukio Lililotangulia Jingine

Mwenye kuandika tarehe ya mji, shauri la mahakamani au kumbukumbu za kikao huanza pengine katikati ya mambo, akarudi nyuma kueleza lililotangulia, kisha akaendelea mbele tena, na msomaji anayemfuata hana kitu cha kumshika mkono isipokuwa maumbo ya vitenzi. Katika Kiswahili umbo linalobeba kazi hiyo ya kurudi nyuma ni lile la vitenzi viwili vinavyofuatana, kama ilivyo katika sentensi «karani alikuwa ameandika», ambalo vitabu vya shule, hasa vya Kenya, huliita wakati uliopita hali timilifu. Jina hilo ni refu na wanafunzi hulikariri kwa shida, lakini lina usahihi ambao majina mengi ya sarufi hayana, kwa sababu linakiri kwamba ndani ya umbo hilo mna mambo mawili wala si moja. La kwanza ni wakati, ambao wanaisimu huuita njeo, yaani mahali tukio linapowekwa likilinganishwa na sasa ya msemaji: kabla yake, pamoja nayo au baada yake. La pili ni hali, yaani namna tukio lenyewe linavyotazamwa, kama linaendelea, kama ni la mazoea, au kama limekwisha na matokeo yake yamebaki. «Alikuwa» hushughulikia njeo, «ameandika» hushughulikia hali, na kosa kubwa la wanaolifundisha umbo hili kama wakati mmoja zaidi katika orodha ya nyakati ni kuwaficha wanafunzi ushirika huo.

Mwanafalsafa Hans Reichenbach, Mjerumani aliyeikimbia nchi yake baada ya Hitler kushika madaraka, akafundisha Istanbul na baadaye Los Angeles, alipendekeza katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1947 kwamba kila njeo ya kitenzi iangaliwe kwa nukta tatu badala ya mbili. Nukta ya kwanza ni ya usemi, ambayo ni wakati wenyewe wa kunena au kuandika. Ya pili ni ya tukio, ambayo ni wakati jambo lilipotendeka. Na ya tatu, ambayo ndiyo mchango wake hasa, ni nukta ya rejea, yaani kilele ambacho msimulizi husimama juu yake ili kulitazama tukio. Mtu akisema «karani aliandika», tukio na rejea viko pamoja huko nyuma, na msemaji anavitazama vyote viwili kutoka leo. Akisema «karani ameandika», tukio liko nyuma lakini rejea ni sasa hivi, maana kinachotajwa kwa kweli ni kwamba maandishi yapo. Akisema «karani alikuwa ameandika», nukta zote tatu zimeachana: kuandika kulitangulia, kikafuata kile kilele cha rejea, na usemi ukaja mwisho.

Reichenbach aliitoa mifano yake katika lugha za Ulaya, na nadharia yake haikuwa na Kiswahili akilini, ila ni vigumu kupata lugha inayoidhihirisha kwa uwazi zaidi. Kilatini kiliyabana mahusiano yote mawili ndani ya neno moja, «scripserat», hata mwanafunzi asiweze kuonyesha kwa kidole ni sehemu ipi inayosema nini. Kiswahili huyatenganisha: kitenzi kisaidizi «alikuwa» hueleza uhusiano wa rejea na usemi, na kitenzi kikuu «ameandika» hueleza uhusiano wa tukio na rejea. Kila kimoja hubeba kiambishi chake cha nafsi au cha ngeli, kwa hiyo barua «ilikuwa imeandikwa», majina «yalikuwa yameandikwa» na kitabu «kilikuwa kimeandikwa», na urudiaji huo, ambao mgeni wa lugha huuona kuwa mzigo, ni ushahidi kwamba hivi ni vitenzi viwili kamili vilivyokubaliana kufanya kazi moja. Kiarabu nacho huweka vitenzi viwili mahali hapo, «kana qad kataba», na kwa kuwa Waswahili wamesoma Kiarabu kwa karne nyingi ingekuwa rahisi kudhani kwamba muundo umetoka huko. Lakini viungo vyote vya umbo la Kiswahili ni vya Kibantu, na lugha nyingine za Kibantu zisizokuwa na historia hiyo ya madrasa na jahazi nazo hutumia kitenzi cha kuwa kwa kazi ya namna hii.

Asili ya viungo hivyo inafaa kutajwa, kwa sababu maana za leo zimebaki na harufu ya maana za kale. Kiambishi -li- cha wakati uliopita kinahusishwa na kitenzi kikongwe cha kuwa, kile kile kinachoonekana bado katika «aliye» na «yaliyo», na kwa hiyo neno «alikuwa» kihistoria limebeba kuwa mara mbili. Kiambishi -me-, kwa maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi, kinatokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza, ambacho kilichakaa kwa kutumiwa sana hadi kikabaki silabi moja. Kabla yake Kiswahili kilikuwa na njia nyingine ya kuonyesha utimilifu, kwa kiambishi tamati cha jamii ya -ile kilichowekwa mwishoni mwa kitenzi, na njia hiyo imehifadhiwa katika tungo kongwe za kaskazini na katika Chimwiini, lahaja ya mji wa Barawa nchini Somalia. Lugha iliyopoteza kiambishi kimoja cha utimilifu ikajitengenezea kingine kutokana na kitenzi cha kumaliza haikuishia hapo. Ilikichukua pia kitenzi cha kwisha, ikasema «amekwisha andika», ikafupisha ikawa «ameshaandika», na katika kinywa cha Mzanzibari ikawa «keshaandika», ambalo ni neno moja lenye historia ya vitenzi viwili ndani yake.

Hiki -sha- si pambo. Umuhimu wake huonekana pale -me- inapokutana na vitenzi vya namna ya kulala, kuvaa, kukaa, kusimama, kuchoka na kulewa, ambavyo katika Kiswahili hutaja kuingia katika hali fulani, na ambavyo vikipewa -me- hutaja kuwamo ndani ya hali hiyo. «Amelala» kwa kawaida humaanisha kwamba yumo usingizini, na «amevaa kanzu» humaanisha kwamba kanzu iko mwilini mwake sasa. Hivyo «alikuwa amelala» haielezi tukio lililotangulia jingine kwa namna ile ile ya «alikuwa ameandika». Inaeleza hali iliyokuwapo, na msomaji hajali sana usingizi ulimchukua saa ngapi. Anayetaka kusisitiza kwamba kulala kulitangulia, labda kwa sababu mlango uligongwa saa tano usiku na swali ni kama mwenye nyumba aliusikia, husema «alikuwa ameshalala». Katika maelezo ya polisi tofauti hii ina uzito. Dereva ambaye «alikuwa amekunywa» alitenda jambo kabla ya ajali, na wakili wake anaweza kuuliza ni muda gani kabla. Dereva ambaye «alikuwa amelewa» alikuwa katika hali fulani wakati wa ajali yenyewe, na swali la muda halimsaidii kitu.

Kutokana na hayo yote linajitokeza jambo ambalo sura hii inalitetea, nalo ni kwamba umbo la «alikuwa ameandika» haliandiki tukio bali linaandika matokeo ya tukio yakiwa yamesimama mbele ya tukio jingine. Chukua sentensi mbili ambazo mwandishi wa habari huweza kuzichanganya kwa haraka: «zimamoto walipofika, nyumba iliteketea» na «zimamoto walipofika, nyumba ilikuwa imeteketea». Ya kwanza huweka kuteketea baada ya kufika, au pamoja nako, na msomaji makini atajiuliza zimamoto walikuwa wakifanya nini. Ya pili huwaleta zimamoto mbele ya majivu, na lawama, kama ipo, inahamia kwa simu iliyochelewa kupigwa au barabara isiyopitika. Vivyo hivyo mtu ambaye «aliposaini mkataba, shamba lilikuwa limeuzwa» ametapeliwa, ilhali yule ambaye «aliposaini mkataba, shamba liliuzwa» huenda ndiye muuzaji.

Historia ya Zanzibar ina asubuhi moja inayofaa kuwa kipimo cha jambo hili. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash akaingia katika kasri na kujitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, ambao walimpa muda wa kuondoka hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipopita, manowari zilizokuwa bandarini zilianza kupiga mizinga saa tatu na dakika mbili, na kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa kimekwisha: sehemu kubwa ya kasri imebomoka, mamia ya watu wameuawa au kujeruhiwa, na Khalid yuko katika ubalozi mdogo wa Ujerumani, ambako Waingereza hawangeweza kumkamata. Alasiri hiyo hiyo alitawazwa Hamud bin Muhammed. Haya yanakubaliwa. Lisilokubaliwa na masimulizi ya siku ile ni dakika hasa ambayo Khalid aliliacha kasri, kwa maana wako waliosema kwamba aliondoka mara baada ya mzinga wa kwanza na kuwaacha watumishi na askari wake wapigane, na wako waliosema kwamba alikaa ndani kwa muda zaidi.

Mwanahistoria anayeandika kwa Kiswahili hawezi kulikwepa swali hilo, kwani kitenzi chenyewe kitamlazimisha kulijibu. Akiandika «mizinga ilipoanza kulia, Khalid alikuwa amekimbia», amemwondoa mtu kasrini kabla ya vita kuanza, jambo ambalo ni shutuma nzito kuliko ile ya mashahidi wakali. Akiandika «mizinga ilipoanza kulia, Khalid alikimbia», amefuata shutuma hiyo ya mashahidi, kwamba mlio ndio uliomtoa. Akiandika «mizinga iliponyamaza, Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani», amemfanya avumilie hadi mwisho, na sentensi hiyo inamheshimu kupita ushahidi uliopo. Iliyo salama ni «mizinga iliponyamaza, Khalid alikuwa amekimbilia ubalozi wa Ujerumani», ambayo inasema tu kwamba, kutazama kutoka kilele kile cha kunyamaza kwa mizinga, kukimbia kulikuwa kumekwisha kutendeka, bila kuamua kama kulitendeka katika dakika ya kwanza au ya thelathini. Umbo hili basi lina hekima yake ya unyenyekevu: humruhusu mwandishi kusema anachokijua, yaani matokeo, na kunyamaza kuhusu asichokijua, yaani saa.

Iko hatari ya kulipenda umbo hili kupita kiasi, na hatari hiyo huwakabili hasa wanaotafsiri kutoka Kiingereza, ambacho hupenda kukipa kila kitenzi cha kumbukumbu ya nyuma alama yake. Matokeo huwa aya ya namna hii: «Mzee alikuwa amezaliwa Kilwa, alikuwa amesomea Lamu na alikuwa amefanya biashara Bagamoyo». Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini sikio la Mswahili huchoka, maana hiyo «alikuwa» ya kwanza imekwisha kumpandisha kileleni na hana haja ya kupandishwa tena na tena. Kiswahili hutosheka na kupanda mara moja, kisha hukiachia kiambishi -ka- kazi ya kutembea: «Mzee alikuwa amezaliwa Kilwa, akasomea Lamu, akafanya biashara Bagamoyo, na alipofika Tabora watu walikuwa wakimjua kwa jina tu». Kiambishi hiki -ka- ndicho mtambo wa masimulizi ya Kiswahili. Mtu akisoma maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambayo yalichapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 kwa maneno yake mwenyewe ya Kiswahili, ataona jinsi -ka- inavyoweza kuisukuma safari mbele, kambi baada ya kambi. Ila -ka- haijui kurudi. «Akala, akalipa, akaondoka» ni mfuatano usiogeuzika, na mwenye kutaka kusema kwamba malipo yalitangulia chakula hana budi kuukata mwendo huo na kuweka «alikuwa amelipa». Kutokana na hilo uhaba wa umbo la vitenzi viwili katika masimulizi mazuri haumaanishi kwamba halijulikani. Ni kwamba hutumika pale tu mwendo unapolazimika kusimama.

Uwanja mwingine ambao Kiswahili hutofautiana na Kiingereza ni ule wa kunukuu maneno ya mtu kwa njia ya taarifa. Karani akisema asubuhi «nimeandika», jioni mwenzake huripoti kwamba «karani alisema ameandika», akiiacha -me- mahali pake ingawa kusema kwenyewe kumeshapita. Msikilizaji huhama kwa fikra hadi kwenye ile asubuhi, na rejea ya «ameandika» huwa ni wakati wa karani wala si wakati wa ripoti. Kiingereza hulazimisha kitenzi cha pili kirudi nyuma hatua moja, na mwandishi wa habari anayetafsiri neno kwa neno hujikuta ameandika kwamba «waziri alisema serikali ilikuwa imetenga fedha». Msomaji wa Kiswahili akikutana na sentensi hiyo huuliza mara moja zile fedha zimekwenda wapi, kwa sababu kwake «ilikuwa imetenga» hudokeza kwamba hali hiyo haipo tena, au kwamba limetokea jingine lililoivuruga. Ndivyo ilivyo hata katika mazungumzo: «mgeni amekuja» humtaka mtu aandae chai, na «mgeni alikuwa amekuja» humjulisha kwamba mgeni kaja, kakosa mwenyeji, kaondoka. Gazeti lililokusudia kumpongeza waziri linaweza hivyo kumtilia shaka bila kujua.

Upande wa ukanushi una utajiri wake. Kukanusha «aliandika» huzaa «hakuandika», na kukanusha «ameandika» huzaa «hajaandika», ambalo halikani tu bali hubakisha mlango wazi, kwamba kuandika kunatazamiwa. Umbo la vitenzi viwili, kwa kuwa ni viwili, huweza kukanushwa mahali pawili. «Karani alikuwa hajaandika» huweka ukanushi kwenye kitenzi kikuu na kuuchukua ule mlango wazi wa -ja- na kuupeleka nyuma: wakati ule kazi ilikuwa bado, na huenda ilifanyika baadaye. «Karani hakuwa ameandika» huweka ukanushi kwenye kisaidizi, na mara nyingi hutumika kukana dai, kama vile mtu ameshikilia kwamba maandishi yalikuwepo na mwingine anamwambia hayakuwepo. Wako wanaoyatumia mawili haya kama pacha, na haitakuwa haki kuwahesabia kosa, lakini hakimu anayepima kama barua ilichelewa au haikupata kuwapo kabisa atafaidika kuyatenganisha. Kutokana na -ja- hiyo hiyo hutoka pia tungo inayowashangaza wanaojifunza lugha ukubwani, «kabla hajaandika», ambayo huweka ukanushi mahali ambapo lugha nyingine nyingi hazioni sababu ya kukanusha. Mantiki yake ni safi: katika muda wote unaoitwa kabla, tendo lilikuwa bado, na Kiswahili kinalisema hilo waziwazi.

Mahali pa mwisho pa kulitazama umbo hili ni nje kabisa ya vitabu vya tarehe, katika adabu. Mtu aliyebisha hodi na bado amesimama barazani huweza kusema «nilikuwa nimekuja kuuliza habari ya lile shamba», ingawa hajaondoka na shida yake haijapungua kitu. Kwa hesabu ya Reichenbach sentensi hiyo haina maana, kwa kuwa hakuna tukio la pili lililopita ambalo kuja kwake kulilitangulia. Kwa hesabu ya barazani ina maana kubwa, kwani msemaji ameiweka haja yake huko nyuma, kama jambo alilokuwa nalo kabla ya kuonana na mwenyeji na ambalo mwenyeji anaweza kuliacha huko huko bila kumvunjia mtu heshima, na mwenyeji mwelewa humkaribisha ndani kabla hajamaliza kulitaja.